Naomba ushauri: "moyo" na "kopa" katika filamu ya Marius

Ndugu zangu, ninaandaa tafsiri ya Kiswahili ya mazungumzo ya Marius, filamu ya mwaka 1931 iliyotokana na tamthilia ya Marcel Pagnol ya mwaka 1929, na nimekwama katika tukio la kucheza karata ndani ya baa ya César, kando ya bandari ya Marseille. César anataka mwenzake, Escartefigue, atupe kopa, yaani karata yenye alama ya moyo, lakini kwa kuwa hairuhusiwi kusema wazi, analalamika kwa sauti ya huzuni kwamba anapasuliwa moyo. Kifaransa kina neno moja kwa moyo na kwa kopa. Nikiandika "moyo" peke yake, mtazamaji hataelewa kwa nini Panisse, mpinzani wao mezani, anawaka hasira.

Nimejaribu "umenikopa moyo wangu hujaurudisha", ambayo inabeba ishara ya karata, ila nahisi inapunguza uchungu, na uchungu huo naupenda sana, kwa sababu filamu nzima inahusu mioyo ya Fanny na Marius, kijana anayempenda binti huyo huku bahari ikimwita.

Je, wacheza karata mnaonaje: sentensi hiyo inasikika kawaida mezani, au mnayo nyingine iliyo bora?