Mrejesho: Kona ya kusoma darasa la pili

Wakuu, niliuliza nifanyeje mwalimu mkuu akubali kona ya kusoma, maana alisema itakula muda wa vipindi. Mmoja wenu alinishauri nisianze na pesa, niombe dakika 15 tu asubuhi. Nikaziomba kwa wiki tatu, nikaeleza kuwa ni KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ileile, vitabu nikavipanga kwenye maboksi ya sabuni. Kisha nikamwalika asikilize. Mtoto aliyekuwa akikwama kwenye silabi akamsomea ukurasa mzima! Machozi yalinilenga. Mkuu mwenyewe ndiye aliyelipeleka suala kikao cha wazazi, na mzazi mmoja, fundi seremala, ameahidi rafu. Mwenzangu wa darasa la kwanza bado hajakubali, sitamlazimisha. Asanteni sana.