Ndege yangu ya rimoti: sevo zinatetemeka nikiongeza moto. Msaada wakuu

MrukajiKgb:
Habari za jioni wakuu. Nina ndege ya rimoti niliyoiunda mwenyewe kwa foambodi: bawa sentimita 120, betri ya seli 3, sevo nne (vimota vinavyosukuma vibao vya bawa na mkia) zile ndogo za bluu za gramu 9. Imeruka miezi minne bila shida. Wiki hii nikiiwasha, sevo ya bawa la kulia inatetemeka kama mtu mwenye malaria. Nikiongeza moto, na ya mkia inaingia kwenye ngoma. Nimebadilisha betri, hola. Haijawahi kuanguka hata siku moja. Jumamosi nina mahali pa kuirusha, nimebanwa. Nifanyeje?

Baba Wawili:
Wenzako wanalipia bodaboda, wewe unalipia tiara ya umeme.

FundiRedio:
Mkuu, anza na umeme. Chomoa nyaya tatu za mota, washa, chezesha fimbo za rimoti. Sevo zikitulia, shida inakuja na mzigo wa mota. Kisha weka testa kwenye risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti), mwenzio achezeshe fimbo zote. Volti 5 zikiporomoka kila sevo ikivuta, sevo unazionea bure. BEC (kipunguza volti kinacholisha risiva na sevo) iliyomo kwenye ESC (kidhibiti cha mota) nyingi za bei chee inatoa ampea 2 hivi, na sevo ya gramu 9 ikikwama inavuta karibu 0.7. Zidisha kwa nne. Halafu betri ya seli 3 ikijaa ni volti 12.6, kama BEC yako ni ile ya kuchoma ziada, volti 7.6 zote zinageuka joto. Iguse baada ya dakika mbili.

Shangazi Tukae:
Marehemu kaka yangu alikuwa na redio ya mkulima, ukigusa kitufe cha sauti inakwaruza mpaka mbwa wanabweka. Aliipuliza, akaipaka mafuta ya taa, ikaimba miaka. Jaribu mafuta ya taa mwanangu.

FundiRedio:
Shangazi, mafuta ya taa hapana, ila mfano wako ndio wenyewe. Ndani ya sevo kuna kipinga cha kuzunguka, ndugu wa kile cha sauti ya redio. Ndicho kinachoiambia bodi mkono umefika wapi. Kikichafuka, bodi inapewa habari za uongo, inausukuma mkono huku na huku kuutafuta. Kutetemeka ndiko huko.
Mleta mada, hamisha plagi: sevo ya kulia ichomeke kwenye chaneli ya kushoto. Mtetemeko ukihama nayo, mgonjwa ni sevo. Ukibaki palepale, ni risiva au waya.

MrukajiKgb:
Umehama nayo. Basi nabadilisha hiyo moja tu, na nimeshalipia mbili zilezile za bluu. Asanteni.

Kipanga_Mzee:
Usikimbie. Miezi minne salama, halafu sevo mbili zinaugua wiki moja? Wiki iliyopita kulitokea nini?

MrukajiKgb:
Hakuna cha maana. Upepo tu.

Kipanga_Mzee:
Upepo uliipeleka wapi?

MrukajiKgb:
Sawa. Ilitua baharini, Kigamboni. Kama dakika kumi, mpaka wavuvi waliponisaidia. Lakini kutua majini si kuanguka, haikuvunjika hata kona. Nikaianika juani, vifaa vyote nikavifukia kwenye mchele siku mbili. Kwa hiyo maji hayahusiki, yalishakauka.

FundiRedio:
Maji yamekauka, chumvi imekwenda wapi?

Baba Wawili:
Na mchele mliupika?

NdegeMnana:
Wakuu, hii ni chai. Mota ikae kwenye maji ya chumvi dakika kumi halafu iwake? Na akaunti yake ina siku tatu. Kesho atakuja na namba ya kuchangia.

Baba Wawili:
Chai ya tangawizi hiyo. Nilishangaa wavuvi wanaokoa foambodi bure.

Kipanga_Mzee:
Mnana, hapo umeteleza. Mota zisizo na brashi zinawaka hata zikiwa ndani ya maji, waya wake umepakwa vanishi. Kinachokufa ni beringi, nazo zinaoza polepole, utasikia kelele baadaye. Namuamini kwa sababu amedanganya kama warushaji wote tunavyodanganya: "haijawahi kuanguka". Yangu ya kwanza "ilitua" kwenye mwembe wa jirani.

NdegeMnana:
Alete picha ya sevo iliyofunguliwa basi.

Shangazi Tukae:
Huyo Jumamosi anarusha wapi?

MrukajiKgb:
Kipaimara cha mpwa wangu, uwanjani. Watoto kama arobaini. Nimeshaahidi, shemeji ameshawatangazia. Nitarusha juu juu tu.

FundiRedio:
Juu juu ndiko inakotoka ikianguka. Sevo ya mkia ikigoma, pua inaelekea chini na propela bado inazunguka. Zote nne zilikunywa maji yaleyale. Na kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, unacho?

*(siku moja baadaye)*

MrukajiKgb:
Nimefungua ya kulia. Skrubu nne ndefu kwa chini, mfuniko ukatoka na unga mweupe kama wa muhogo. Waya mwekundu umeota ukijani pale ulipolehemiwa kwenye kibodi. Nimeugusa na kucha, ukakatika. Ya mkia iko vilevile. Mbili zilizobaki hazitetemeki, nafikiri nizioshe kwa spiriti niziache.

FundiRedio:
Zifungue kwanza.

MrukajiKgb:
Nimezifungua. Zina unga. Nimemwambia shemeji haitaruka, itakaa mezani karibu na keki. Amenuna. Mchele tuliupika, ndiyo.

NdegeMnana:
Picha ya keki, la sivyo bado ni chai.