Uno inawaka taa lakini haipati poti, na printa imeacha kutoa karatasi: naombeni msaada kabla ya Alhamisi

MwalimuMuheza – Jumapili, saa 2:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha fizikia sekondari moja huku Muheza. Kila Jumamosi nina klabu ya wanafunzi kumi na mmoja, na tangu mwezi uliopita tunatengeneza kifaa cha kupima unyevu wa udongo kwenye vitalu vya miche ya michungwa nyuma ya darasa. Vifaa tulichangishana tukavinunua Kariakoo: Uno mbili za kuigwa, ESP32 mbili (zote ni bodi ndogo za kielektroniki unazozipakia programu) na vipima unyevu vinne. Kompyuta tunayo moja tu, ya mezani, Windows 10 ya biti 64, na hiyohiyo ndiyo inayochapa mitihani ya shule nzima kwa printa ya leza ya zamani tuliyopewa na ofisi moja.

Shida zangu ni mbili.

Uno nikiichomeka, taa ya umeme inawaka na ile ndogo yenye herufi L inapepesa, lakini kwenye programu ya Arduino, ninayotumia kuipakia programu, sehemu ya poti (njia ya kompyuta kuzungumza na bodi) imefifia, haibofyeki. Nikifungua Device Manager (orodha ya vifaa vya kompyuta) naona "USB2.0-Serial" yenye pembetatu ya njano. ESP32 ndiyo imenishinda kabisa: taa nyekundu inawaka, kompyuta haitoi hata ule mlio wa kupokea kifaa.

Printa nayo ilikuwa inachapa vizuri hadi wiki mbili zilizopita. Sasa nikituma kazi inapokelewa, inakaa kwenye foleni, karatasi haitoki. Ikoni yake imekuwa ya kijivu, na pembeni imezaliwa nyingine yenye jina lilelile na "Copy 1" mwishoni. Leo nimehesabu kazi 14 zimepanga foleni, zote ni mtihani wa kidato cha pili.

Nilishusha programu moja inayoahidi kutafuta draiva zote (programu zinazoiwezesha kompyuta kuzungumza na vifaa) kwa mpigo. Ilimaliza bando langu, ikaniambia draiva 23 zimepitwa na wakati, kisha ikadai malipo. Sijalipa. Mtihani ni Alhamisi asubuhi na nakala zinatakiwa 140.

Kijana_wa_Mjini – saa 2:58 usiku

Mwalimu piga Windows upya tu. Ukishafomati kila kitu kinakaa sawa.

Fundi_Makorora – saa 3:15 usiku

Mwalimu, tafadhali usifomati. Ukifomati utapoteza hata draiva ya printa inayofanya kazi, na mitihani iliyomo humo. Kijana hajasema kwa ubaya, ila hapa dawa hiyo haihitajiki.

Kabla sijasema kingine, nijibu swali moja: kebo ya printa na kebo ya Uno, ni ileile?

MwalimuMuheza – saa 3:21 usiku

Ndiyo mkuu. Kebo yenye kichwa cha mraba tunayo moja. Jumamosi naichomoa kwenye printa naiweka kwenye Uno, na upande wa kompyuta naichomeka tundu la mbele ili wanafunzi waone. Jumapili narudisha kwenye printa. Umejuaje?

Fundi_Makorora – saa 4:05 usiku

Nimejua kwa hiyo "Copy 1". Acha nieleze taratibu, maana ukilielewa hili hutahangaika tena, si kwa printa wala kwa bodi.

Kifaa cha USB kikichomekwa hujitambulisha kwa namba. Ya kwanza inataja mtengenezaji, ya pili inataja aina ya bidhaa. Vingine huongeza ya tatu, namba yake mwenyewe ambayo kifaa mwenzake hana. Chenye namba hiyo ya tatu kinatambulika hata ukikihamisha tundu. Kisicho nayo, Windows inakikumbuka kwa tundu kilipochomekwa. Printa nyingi za zamani hazina. Kwa hiyo ilipokuwa nyuma, kompyuta iliiandikia poti ya USB001. Uliporudisha kebo Jumapili, nina hakika upande wa kompyuta uliiacha palepale mbele. Windows ikaona mgeni, ikampa poti ya USB002 na jina jipya lenye "Copy 1". Mitihani yako inaendelea kutumwa USB001, nyumba ambayo mwenyewe ameshahama. Printa haina kosa na draiva haina kosa.

Njia ya haraka ni kurudisha kebo kwenye tundu lilelile la nyuma la mwanzo. Kama hulikumbuka, fungua printa ile ya kijivu, nenda "Printer properties", kisha "Ports", uweke tiki kwenye USB002. Ukifanya hivyo futa "Copy 1" ili watu wa ofisini wasichanganyikiwe.

Ila foleni isafishe kwanza, la sivyo zile kazi 14 zitatoka zote kwa pamoja na utamaliza rimu. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kwa kubofya kulia na kuchagua "Run as administrator", andika amri hii ya kusimamisha foleni

net stop spooler

Halafu ingia folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa vyote vilivyomo ndani, folda yenyewe uiache. Rudi uandike hii ya kuiwasha tena

net start spooler

Tuma ukurasa mmoja tu wa majaribio kabla ya kutuma nakala 140.

Sasa bodi. Draiva haiangalii neno Uno lililochapwa juu ya bodi. Inaangalia chipu inayozungumza na USB. Uno R3 ya asili hutumia ATmega16U2. Nyingi za kuigwa zinazouzwa Kariakoo zina CH340, chipu inayotoka Nanjing, China. Inafanya kazi vizuri, mimi nimeitumia miaka mingi kwenye vipima joto vya vifaranga, ila inataka draiva yake. Usikisie. Bofya kulia hiyo "USB2.0-Serial", ingia "Properties", kisha "Details", na kwenye orodha chagua "Hardware Ids". Ukiona VID_1A86&PID_7523 (VID ni namba ya mtengenezaji, PID ya bidhaa), hiyo ni CH340. Faili la draiva linaitwa CH341SER. Ni 341, si 340, na lisikutie shaka, ndilo hilohilo. Halifiki megabaiti moja, unaweza kulishusha kwa simu ukalihamisha. Lichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa chipu, usilichukue kwenye kurasa zenye vitufe vitano vya kijani vya kushushia.

ESP32 ni habari nyingine, na hapo draiva haijaingia kwenye mazungumzo kabisa. Kifaa kisicho na draiva bado kinaonekana, na pembetatu yake ya njano. Kisichoonekana popote, bila hata mlio, mara nyingi hakijafika kwenye kompyuta. Nadhani umetumia kebo ya chaja ya simu. Kebo ya USB ya kawaida ina nyaya nne: nyekundu na nyeusi za umeme, nyeupe na kijani za data. Kebo nyingi za bei rahisi zina mbili za umeme tu. Taa itawaka usiku kucha na kompyuta haitasikia neno. Tafuta kebo ambayo imewahi kuhamisha picha kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta.

Ikishaonekana, rudia kusoma namba. VID_10C4&PID_EA60 ni CP2102, chipu nyingine ya USB, draiva yake iko kwa mtengenezaji wake, Silicon Labs. Ikiwa ni 1A86 na 7523 tena, draiva ya Uno inatosha.

Kuhusu ile programu ya draiva 23, iondoe. Nakuomba sana. Draiva mpya si lazima iwe bora kwa kifaa chako. Mwaka 2014 draiva moja ya chipu za USB za kampuni ya FTDI ilipitia Windows Update, na ilipokuta chipu ya kuigwa ikaibadilisha namba ya bidhaa kuwa sifuri. Vifaa vya watu vilivyokuwa vikifanya kazi vikaacha kutambulika hata kwenye kompyuta nyingine, mpaka kelele zilipozidi ndipo ikaondolewa. Kinachofanya kazi kiache.

MsteshenariNgamiani – Jumatatu, saa 1:30 asubuhi

Mwalimu pole na kazi. Nina duka la kuchapa, nongeze moja la printa kwa siku utakayoletewa nyingine. Weka draiva kwanza, kebo baadaye. Kisakinishi chenyewe kitakwambia "chomeka sasa". Ukitangulia kuchomeka, Windows inaweza kuipachika draiva ya kubahatisha, na kuitoa ni kazi. Na kama unayo ile CD iliyokuja na printa enzi za XP, angalia kwanza: draiva ya biti 32 haikubali kwenye Windows ya biti 64, hata ufanyeje.

Likoni_Linux – saa 4:12 asubuhi

Mwalimu, mimi niko Mombasa, nasaidia kituo kimoja cha vijana. Sisi twatumia Ubuntu, aina ya Linux, badala ya Windows, na draiva za CH340 na CP2102 zimo tayari ndani ya kernel (kiini cha mfumo), hakuna cha kushusha. Lakini kuna mitego miwili na yote miwili ilitupotezea siku nzima.

Mtumiaji lazima awe kwenye kundi la dialout, lenye ruhusa ya kutumia poti hizo: sudo usermod -aG dialout, ufuatishe jina lako, kisha utoke uingie upya. Huu ni mtego mwepesi.

Ule mwingine ni brltty. Kwenye Ubuntu 22.04 bodi yaonekana sekunde moja kisha yapotea. Ukiandika sudo dmesg waona brltty imeinyakua. Hiyo ni programu ya vifaa vya Braille, na baadhi ya vifaa hivyo vyatumia namba ileile ya 1a86:7523, basi Ubuntu hudhani Uno yako ni kifaa cha msomaji asiyeona. Wengi watakwambia uifute. Mimi naomba uulize kwanza kama kuna anayeitumia. Kwetu yuko kijana mmoja asiyeona, akija hukaa kompyuta hiyohiyo. Tulichofanya ni kufungua /usr/lib/udev/rules.d/85-brltty.rules na kuweka alama ya # mbele ya mstari wenye 1a86/7523 pekee. Kifaa chake chatumia namba nyingine, hakikuguswa.

MwalimuMuheza – Jumatano, saa 11:50 jioni

Wakuu, nimerudi na majibu.

Printa imechapa! Ilikuwa kama Fundi alivyosema. Nilisafisha foleni, nikahamisha kebo tundu la nyuma, la pili kutoka juu, ikoni ikaacha kuwa ya kijivu palepale. Nakala 140 zimetoka na nimezifungia kabatini.

Uno zote mbili zilionyesha 1A86 na 7523. Nilishusha CH341SER kwa simu nikiwa chumba cha walimu, nikaichomeka simu kwenye kompyuta, nikasakinisha. Pembetatu imeondoka na poti imeandikwa COM3. Jana mwanafunzi wa kidato cha tatu alihamisha kebo tundu jingine, ikawa COM5, akadhani ameharibu. Nilipomweleza habari ya tundu na namba ya tatu alielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Sasa tumebandika karatasi kwenye kompyuta: PRINTA HAPA, UNO HAPA. Na kebo ya pili ya mraba tumenunua hapa sokoni.

ESP32: kebo ilikuwa ya chaja kweli. Tulipopata nyingine mlio ulisikika hadi darasa la jirani. Namba ni 10C4 na EA60, draiva imekaa, poti ni COM6. Programu tulizipakia kwenye ya kwanza bila shida. Ya pili inaandika "Connecting" na vinukta vinaongezeka, kisha inakata tamaa. Hapo tena sijui.

Fundi_Makorora – saa 12:20 jioni

Hongera sana mwalimu. Hiyo ya pili haina tatizo la draiva, poti yake si inaonekana? Bodi nyingine haziingii zenyewe kwenye hali ya kupokea programu. Kuna kitufe kidogo kimeandikwa BOOT. Bonyeza upakie, vinukta vikianza kishikilie, asilimia zikianza kuhesabu kiachie.

MwalimuMuheza – Jumamosi, saa 5:05 asubuhi

Imekubali, mara ya kwanza tu. Nimempa mwanafunzi mmoja kazi ya kushika kitufe.

Uno tumeipeleka kitaluni na kompyuta tukaisogeza dirishani. Udongo mkavu wa kitalu cha tatu umeandika 871. Tumemwaga kopo moja la maji, tukasubiri dakika mbili, ikashuka hadi 402. Wanafunzi wanabishana kama kopo moja linatosha, na sasa hivi wanachota la pili.