Huyu "profesa" wa gitaa anayeita kepo (kile kibanio cha nyuzi kinachofungwa shingoni mwa gitaa) PAMPASI mnamvumilia mpaka lini?

Wakuu, salamu baadaye. Mnamjua. Kofia yake mnaijua, solo zake zisizojua kuisha mnazijua, jina silitaji wasimamizi wasije wakanifungia uzi.

Jana usiku, KATIKATI YA KIITIKIO, kwaya imesimama, kinanda kiko B flati, dogo wa ridhimu kafunga kepo freti ya 3 (freti ni vile vyuma vya kukatiza shingo) anatembeza kodi za G, noti kadhaa kwa mpigo mmoja, safi kabisa. Bwana mkubwa kanyoosha mkono, kaichomoa kepo shingoni, kaitia mfukoni. "Mwanaume havai pampasi." Gitaa likadondoka toni moja na nusu kwa mpigo. Sauti ya kwanza kila mtu na ki yake, mbwa wote wa Kimara wakaitikia.

Pampasi! Wimbo wenyewe kodi zake ni B flati, E flati, F na G maina. Bila kepo hizo ni za kubana kwa kidole kizima wimbo mzima. Kepo ikiwa freti ya 3 zinageuka G, C, D na E maina, na nyuzi zinalia wazi. Kidole kikibana zote sita, ule mlio huupati, hata uwe na mkono wa kufungulia koki za bomba.

Eti inaharibu tyuni. Inaharibu ukiifunga ovyo. Kepo inakaa nyuma tu ya chuma cha freti, upande wa kichwa cha gitaa, si juu ya chuma na si katikati ya nafasi. Ukiiweka katikati lazima ikandamize zaidi, nyuzi zinavutwa, sauti inapanda, nene ndizo zinaanza. Ya klipu spring yake ina nguvu ile ile kila siku. Ya skrubu unaikaza mpaka mkwaruzo uishe, unaacha hapo. Halafu unatyuni upya kepo ikiwa imefungwa. Na gitaa la nailoni shingo yake ni bapa, ukilifunga kepo yenye mpindo, nyuzi za kati zinakwaruza. Hapo kosa ni la kepo au la aliyeinunua?

Wahispania wa flamenko wanapiga na kepo. Albert Collins wa Marekani kapiga gitaa la bluzi maisha yake yote kepo iko juu huko shingoni. Kawafuate na hao uwavue.

Kaichomoa. KATIKATI. YA. KIITIKIO. Na mpaka naandika hapa hajairudisha.

KidoleSugu: Povu ndoo mbili kwa kepo ya klipu? Punguza munkari mkuu. Ila hiyo pampasi nimecheka mpaka kondakta kanigeukia.

MzeeWaRidhimu: Ikiliwa kepo, kuna penseli na ukanda wa tyubu ya baiskeli. Chukua penseli ya pembe sita, ya mviringo inabiringika. Laza ubavu wake juu ya nyuzi, zungusha tyubu nyuma ya shingo, kaza ncha zote mbili. Waya ya sita ikikwaruza, ongeza mzunguko upande huo. Vijana mnalia sana.

BintiKanuni: Nyie kepo moja tu mnataka kufa? Kanuni ya Kiarabu, ile ala ya nyuzi ya kupakata, ina safu 26, nyuzi tatu tatu, jumla 78, na kila safu ina vijichuma vyake vya kuinua na kushusha sauti. Kabla ya hivyo vijichuma watu walibana uzi kwa ukucha wa dole gumba la kushoto. Taishokoto, ala ya nyuzi ya Kijapani, ndiyo usiseme, Goro Morita aliitengeneza Nagoya mwaka 1912, vitufe kama vya taipureta vinakubania nyuzi, na taarabu ya Mombasa imeicheza watu wakatunza. Profesa aje avue na hizo. Adui wangu mimi ni mtu wa mitambo anayefungulia besi kwenye kipaza cha kanuni mpaka kinavuma!

Mleta uzi: Dada, mada ni KEPO. Kaichomoa katikati ya kiitikio!!

BintiKanuni: Tumesikia kaka.

FundiShingo: Dogo apimiwe gitaa lake. Kama kodi ya F inaumiza vidole, ukifunga kepo freti ya 1 gitaa linalainika ghafla, basi ule mfupa wa juu unaopitisha nyuzi karibu na kichwa cha gitaa, vifereji vyake havikuchimbwa vya kutosha. Bana uzi freti ya 3, tazama mwanya juu ya chuma cha freti ya 1. Unatakiwa uwe kama unywele. Ukiona mwanya wa kupitisha kadi, chonga kwa faili nyembamba, pole pole, huku unapima. Ukipitiliza, uzi ukipigwa wazi unagonga chuma cha kwanza.

Sinza_Besi: Mafundi hao hao! Kuna mmoja, mnamjua, kapitiliza kifereji cha uzi wa G, kajaza bakingi soda na supaglu, kachaji bei ya mfupa mpya.

FundiShingo: Bakingi soda na supaglu ni dawa halali. Unajaza, unadondosha tone, inakuwa ngumu papo hapo, unachonga upya. Hiyo bei ndiyo wizi.

Sinza_Besi: Umejuaje kama ni halali, au ni wewe?

AltoWaMbagala: Bora fundi. Kuna mwalimu wa kwaya anaanza C, ubeti wa tatu yuko D flati, wa nne D, bila taarifa. Kepo ya klipu unaisukuma kwa mkono mmoja, mwenye ya skrubu bado anafungua watu wanasema amina.

KidoleSugu: Mwalimu huyo tunaye wote.

Mleta uzi: Jamani KEPO

Mgeni_Tegeta: Samahani kutoka nje ya mada, waya namba moja ya chuma naipata wapi bila kununua seti nzima?

MzeeWaRidhimu: Kariakoo wanauza moja moja. Chukua tatu, ndiyo inayokatika kuliko zote. Na ukishapiga zifute kwa kitambaa kikavu, chumvi ya huko pwani haichelewi kuzila.

Mgeni_Tegeta: Shukrani mzee. Na za besi?