Tumbo limekataa kurudi sawa tangu Januari, nisaidieni

TumboMoto_Kondele: Wadau habari zenu, samahani hii ni ndefu kidogo. Mwezi wa kwanza kuna kirusi cha tumbo kilipita plot yetu hapa Kondele, Kisumu, kilianza na watoto wa jirani kikaingia kwangu, tukatapika na kuhara siku tatu mfululizo, kijana wangu akapewa ORS na zinki akapona, jirani akapona, mimi mpaka leo mwezi wa nne bado. Nikinywa chai asubuhi hata dakika ishirini haziishi tumbo linanguruma, linafura mpaka zipu ya sketi inakataa. Na niko kwa kibanda cha M-Pesa peke yangu, choo kiko ng'ambo ya barabara na ni shilingi kumi kila ukiingia, jana nimetumia sitini. Bosi ameshapiga simu mara mbili akiuliza mbona kibanda kimefungwa. Swali langu ni moja tu, kuna mtu amewahi kusafishwa tumbo kwa dawa za kienyeji akapona? Maziwa nilishaacha wiki mbili na hakuna tofauti, kwa hivyo msiniambie hiyo.

BwanaUtani: Sitini kwa siku? Hapo lipa rent ya mwezi upewe funguo yako.

Shosh_wa_Njoro: Pole mjukuu wangu. Mimi corona ilinishika 2021, kifua kikapona tumbo likabaki. Miezi mitano sikuweza kunywa maziwa na nina ng'ombe wawili, nakamua, nauza, narudi jikoni nakunywa turungi kama mtu hana hata mbuzi. Nilirudi polepole na mala, nusu kikombe nusu kikombe. Lakini nyinyi vijana chipsi za barabarani hamtaki kuacha, na mafuta yenyewe yamekaangiwa tangu Jumatatu.

TumboMoto_Kondele: Shosh mimi sili chipsi.

JaDunga: Mi nilipimwa taifodi mara nne mwaka jana, kila mara "imeonekana", kila mara sindano siku tano. Mara ya tano nikaambiwa hicho kipimo kinaweza kuonyesha hata ugonjwa wa zamani. Yawa, makalio yangu yaliumia bure.

NasiMstaafu: Dada, mimi ni muuguzi mstaafu. Hicho kirusi kikipita huchubua ngozi ya ndani ya utumbo mdogo, na hapo ndipo kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa hutoka. Maziwa yanashuka bila kusagwa yanachacha huko chini, ndiyo hiyo gesi. Kwa wengi hurudi kwa wiki au miezi michache. Wengine, karibu mmoja kati ya kumi, tumbo hubaki jepesi kukasirika muda mrefu hata vipimo vikiwa safi, na maharagwe na kitunguu vinalichokoza zaidi. Kwa hivyo si ajabu. Lakini kabla ya mambo ya kusafishwa: umemeza dawa gani tangu Januari? Umepungua uzito? Choo ni rangi gani?

TumboMoto_Kondele: Dawa ni za kawaida tu.

NasiMstaafu: Za kawaida ni zipi. Zitaje.

Mwalimu_Bungoma: Kwa maoni yangu tatizo ni maji. Sisi shuleni tulichimba kisima tukaweka na tenki, na mkandarasi yule alitusumbua sana, hadithi yake nitawapa siku nyingine.

TumboMoto_Kondele: Sawa. Flajil nimemeza mara tatu, na sipro mara moja, zote antibiotiki za kemisti. Na diklo, ya maumivu, kwa sababu ya mgongo, kile kiti cha kibanda ni cha plastiki na nakaa masaa kumi na mbili. Mbili kwa siku tangu Februari, nameza kabla ya chai kwa sababu chai ndiyo inaleta shida. Choo ni cheusi wiki hii na iliyopita lakini hiyo ni mboga ya managu, nakula managu karibu kila siku. Na msinigombeze, huyo wa kusafisha nishamlipa deposit 2,500, kikao ni Jumamosi, ana watu wengi na hawezi kuwa amedanganya wote.

NasiMstaafu: Mama. Flajil haiui kirusi, hiyo tuiache. Mboga inafanya choo kiwe kijani kizito. Cheusi kama lami, kinanata, kina harufu ya ajabu, hiyo ni damu kutoka tumboni, na diklo bila chakula huchimba alsa, yaani vidonda vya tumbo. Unameza vidonge vya kuongeza damu? Ukisimama unaona kizunguzungu?

TumboMoto_Kondele: Vidonge hapana. Kinanata ndiyo. Kizunguzungu kidogo, lakini ni jua.

NasiMstaafu: Diklo acha saa hii. Usingoje Jumamosi, nenda hospitali leo.

JaDunga: Ngojeni kwanza. Kondele gani hiyo wanaita managu? Huku kwa Wajaluo ni osuga. Huyu ako mahali anauza dawa, mtaona Jumapili "nilisafishwa nikapona, namba ni hii".

BwanaUtani: Na jina TumboMoto limefunguliwa jana! Nasi wetu ameandika insha bure.

TumboMoto_Kondele: Aki nyinyi. Nimezaliwa Lanet, Nakuru, nimeolewa Seme. Hata mama mkwe amechoka kunirekebisha. Jina nimefungua jana kwa sababu kwa lile lingine shemeji zangu wananijua.

JaDunga: Sawa mke wa Seme, mama mkwe huipika vipi?

TumboMoto_Kondele: Anachemsha anamwaga yale maji machungu, anaweka maziwa, asubuhi anapasha anaongeza maziwa tena. Siku ya tatu ndiyo tamu. Hunitumia kwa mkebe kila wiki.

JaDunga: Mayie. Ni wa huku.

NasiMstaafu: Na ulituambia maziwa uliacha wiki mbili!

TumboMoto_Kondele: Ya chai niliacha. Hiyo ni mboga.

Shosh_wa_Njoro: Ngai.

TumboMoto_Kondele: Bosi amesema nikifunga tena leo nisirudi. Na 2,500 yangu je?

Shosh_wa_Njoro: Hiyo haiwezi kurudi, mjukuu. Funga hicho kibanda.

JaDunga: Shemeji, samahani kwa ile ya kuuza dawa. Niko stage ya boda hapo hapo Kondele, kofia ya manjano. Nakupeleka hospitali ya Russia, hulipi kitu.

TumboMoto_Kondele: Nahesabu floti nifunge. Uko na helmeti ya pili?

JaDunga: Iko, lakini kamba imekatika. Utashika na mkono.

BwanaUtani: Pitia choo kwanza, hii kumi ni yangu.