Simu nimenunua mwenyewe, bando naweka mwenyewe, halafu ofisi ndiyo iwe na amri ya kuifuta?

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, lugha ikichachamaa mnivumilie.

Nipo kwenye kampuni moja ya mikopo hapa Dar, kitengo cha kufuatilia marejesho. Jina siliweki, msinifuate PM. Limeshuka tangazo: kila anayetumia simu yake kwa kazi (yaani sisi wote, maana simu za ofisi hakuna) aipeleke kwa watu wa IT iwekwe programu ya usalama. Mwisho Ijumaa. Asiyetaka anafungiwa barua pepe na mfumo wa wateja. Sasa kitengo chetu ukifungiwa mfumo wa wateja unabaki kufanya nini, kufagia?

Nikapeleka. Kijana wa IT anabofya kubali, kubali, kubali, kama anagawa karata. Nikamwambia lete kwanza nisome. Imeandikwa waziwazi, tena kwa Kiswahili: msimamizi wa kifaa (yaani ofisi) ataweza kubadilisha nenosiri la kufungulia simu, kufunga skrini wakati wowote, na kufuta data yote bila onyo, simu irudi kama ilivyotoka kiwandani. Ukiendelea mbele inaomba ruhusa ya kujua ulipo, muda wote, hata kama huitumii. Nikamuuliza, hii "data yote" ni ya ofisi tu au na picha za wanangu? Akacheka. "Bro, nani ana muda wa kuangalia picha zako?"

Sijauliza nani ana muda. Nimeuliza nani ana uwezo.

Na uwezo wanao. Matawini walianza na hiyo programu tangu mwaka jana. Kuna dada aliacha kazi, amekabidhi ofisi vizuri tu, jioni yupo kwenye daladala simu ikajizima. Ilipowaka ikawa inamuuliza achague lugha. Picha, namba, mazungumzo ya WhatsApp ambayo hakuwa ameyahifadhi popote, vyote vimekwenda. Kuwauliza, akajibiwa ndiyo utaratibu wa kumtoa mfanyakazi kwenye mfumo. Hakuna pole, hakuna nini.

Mwingine alikuwa na ED, yaani ruhusa ya daktari ya kupumzika, akaenda kwao Kibaha auguzwe. Siku aliyorudi meneja anamdaka mlangoni: "Mgonjwa gani anazunguka mpaka Kibaha?" Kibaha meneja kaijulia wapi?

Kabla hamjaja na "data za wateja lazima zilindwe", hilo nalijua kuliko wengi wenu. Simu yangu inapitisha namba za NIDA za watu, mishahara yao, madeni yao. Ikikwapuliwa na bodaboda pale Ubungo, hayo hayatakiwi kufika mtaani, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inambana mwajiri ayalinde. Sibishi. Ila sheria hiyohiyo inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahsusi na halali, na zisizidi kinachohitajika kwa lengo hilo. Mimi nilikolala Jumamosi ni taarifa ya mteja gani?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ipo, tena ya siku nyingi. Android ina wasifu wa kazini tangu toleo la 5, mwaka 2014. Mambo ya ofisi yanakaa upande wake, programu zake zina alama ya kibegi, ukiibiwa simu au ukiacha kazi ofisi inafuta upande huo tu. Picha zako, meseji zako, programu zako, haigusi wala haioni. Jioni ukitoka kazini unauzima, bosi akituma barua pepe saa nne usiku anajijua. iPhone nazo zina mpango wa namna hiyo tangu iOS 13 ya 2019. Hii njia ya msimamizi wa kifaa waliyotuletea, Google wenyewe walianza kuipunguzia makali kwenye Android 9 na 10. Sasa IT yetu imekwama mwaka gani? Au wanajua, ila wanapenda kuona na hayo mengine?

Na wengi wetu simu hizi tulizichukua kwa mkopo, unalipa kidogo kidogo, ukichelewa inajifunga. Sawa, mkataba nilisaini na deni lilikuwa langu. Nimemaliza juzi tu, nikajua sasa simu ni yangu. Ofisi ambayo haijachangia hata vocha ya buku inakuja kuweka kufuli lake.

Halafu kuna fomu. "Nimekubali kwa hiari yangu bila kushurutishwa." Hiari yenye tarehe ya mwisho!

Nimewaandikia HR: ama mtuwekee wasifu wa kazini, ama mtupe simu za ofisi mzifanye mnavyotaka. Jibu limekuja mstari mmoja: "Wenzako wote wameshasaini." Uongo, tupo kama kumi hatujasaini.

Kwa hiyo nauliza wenye uzoefu, siyo wa kuniambia niache kazi. Kuna aliyewahi kumshtaki mwajiri wake kule Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi? Malalamiko yanapokelewa ya kikundi au lazima kila mtu aende kivyake? Na jina la mlalamikaji linamfikia bosi? Wa mabenki pia mseme, huko kwenu wanafanyaje. Ijumaa ni keshokutwa.