MREJESHO: Friji ya gari la nyumba imekubali

Wakuu, habari za siku. Niliuliza kwa nini friji ya gari la nyumba (gari la safari lenye vitanda na jiko ndani) tulilonunua huku Uingereza, la mtumba, haipozi ikiwa kwenye gesi. Asanteni nyote, hasa mkuu aliyesema nianze kuangalia kama gari limekaa sawa. Ndipo penyewe. Friji hizi hazina kompresa. Amonia na maji huzungushwa na joto pamoja na mvutano wa dunia, kwa hiyo gari likiinama mzunguko unakwama. Nimeweka pimamaji sakafuni, nikapandisha tairi za mbele kwenye kabari za plastiki mpaka kiputo kikatulia katikati. Asubuhi maziwa yalikuwa baridi hadi meno yanauma.

Friji kuitumia kwa umeme wa betri, volti 12, ni injini ikiwaka tu, la sivyo betri inakwisha. Gesi nimehamia propeni, maana buteni haitoki vizuri ikikaribia nyuzi 0, na baridi ya Scotland haina simile. Kumwaga choo cha kaseti, kile chenye tangi dogo la kuchomoa? Mama watoto kaniachia, eti mimi ndiye fundi.

Bado sola. Wati 100 zinatosha taa na pampu ya maji? Mwenye uzoefu anijuze.